Chamonix hadi Zermatt kwa ski: mwongozo kamili wa kuvuka Alpi wakati wa theluji

Jioni, kwenye vibanda vya juu vya Alpi, mwenye kibanda huandika kwa chaki saa ya kifungua kinywa: 4.30. Kwa saa zetu hiyo ni saa kumi na nusu alfajiri, wakati ambapo kwetu Marangu jogoo wa pili bado hajawika. Usipige hesabu ya saa nne asubuhi ukalala, maana ukiamka utakuta kibanda kitupu na nyayo za wenzako zimeshapotea kwenye barafu.

Naanza na ubao huo kwa makusudi. Nimebeba mizigo Kibo miaka kadhaa, nikawa msaidizi wa mwongozaji, kisha maisha yakanileta Uswisi, ambako nimejifunza ski nikiwa mtu mzima. Njia ya Chamonix hadi Zermatt, ambayo Wafaransa huiita Haute Route, nimeivuka mara mbili, na mara moja nikageuka katikati. Jambo nililolielewa zaidi ya yote ni kwamba njia hii inaendeshwa na saa. Theluji ile ile iliyo ngumu kama zege saa kumi na mbili asubuhi huwa uji saa sita mchana. Daraja la theluji juu ya ufa wa barafu lililobeba watu ishirini alfajiri linaweza kumzamisha wa ishirini na moja jua likishapanda. Kwa hiyo karibu kila hatua nitakayokueleza hapa, kuanzia mazoezi hadi mpangilio wa begi, lengo lake ni kukufikisha mahali fulani kabla ya saa fulani.

Njia yenyewe

Inaanzia bonde la Chamonix nchini Ufaransa na kuishia Zermatt, Uswisi, chini ya Matterhorn. Siku ya mwisho unakanyaga pia ardhi ya Italia kwa muda mfupi. Wapandaji wa Kiingereza waliipita majira ya kiangazi katikati ya karne ya 19; kwa ski, mwaka 1911 kundi la Roget na Marcel Kurz lilivuka kutoka Bourg-Saint-Pierre hadi Zermatt. Leo watu wengi hutumia siku sita au saba, wakilala kwenye vibanda vyenye wahudumu. Msimu wake ni katikati ya Machi hadi mwanzo wa Mei: nyufa za barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole mlimani, bado zimefunikwa vizuri, siku zimeshakuwa ndefu, na vibanda viko wazi.

Kwa asiyejua: huku hakuna lifti ya kukupandisha, ila mahali pawili patatu tu. Unapanda kwa miguu yako ukiwa umevaa ski. Chini ya kila ski unabandika utepe wa kitambaa chenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma, na huo ndio tunaouita ngozi, kwa sababu zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli. Ukisukuma mbele inateleza. Ukirudi nyuma manyoya yanasimama na kushika. Kisigino kinaachwa huru ili utembee. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unateremka.

Hatua ya kwanza: jipime kwa ukweli

Kupanda Kibo kulinipa mapafu na uvumilivu. Hakukunipa hata chembe ya ujuzi wa kuteremka na ski, na huku anayeteremka vibaya ndiye anayechelewesha kundi zima. Jipe angalau misimu miwili. Msimu wa kwanza kaa kwenye miteremko iliyosawazishwa, ambayo Ulaya hupangwa kwa rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Usitoke hapo mpaka uweze kuteremka nyekundu yoyote bila kuanguka, iwe imeganda, imechakaa au ina ukungu. Msimu wa pili toka nje ya njia zilizosawazishwa na uanze safari za siku moja: mita 600 za kupanda, kisha 800, kisha 1,000. Klabu ya Alpine ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1863, ina matawi karibu kila mji, na matawi hayo huandaa safari na kozi kwa wanachama. Kwa Mswahili anayeishi huku sijui mlango ulio mzuri zaidi ya huo: utajifunza, na utapata watu wa kwenda nao.

Kipimo changu ni hiki. Ukiweza kupanda mita 1,200 kwenda juu ukiwa na begi la kilo 10, kwa mwendo wa mita 300 hadi 400 kwa saa, siku tatu mfululizo, na siku ya tatu bado ukateremka kwa miguu inayokutii, uko tayari kwa upande wa mwili. Wanaokuja kutoka nyanda za chini wafike siku mbili mapema wapande kidogo. Utalala kwenye mita 3,000 na kitu, na kilele cha juu kabisa cha safari kinakaribia mita 3,800. Aliyewahi kulala Kibo Hut anajua kichwa kinavyouma ukikimbilia juu.

Mbinu moja ifanyie mazoezi mpaka uiote usiku, nayo ni kugeuka kwenye mteremko mkali. Unapanda kwa kwenda kushoto na kulia, na kwenye kila kona lazima ubadilishe mwelekeo ukiwa umesimama. Simamisha ski zote mbili zikiwa mlalo kabisa, zisielekee juu wala chini. Chomeka fimbo zako imara. Nyanyua mguu wa juu, uzungushe mpaka ski ielekee upande mpya, uitue pale pale karibu na mwili. Sasa hamishia uzito wote juu yake, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mwili unaogopa na unataka kubaki na mguu wa zamani. Kisha, mguu wa chini ukiwa hewani, piga kisigino kidogo kuelekea chini ya ski: mkia unashuka, ncha inaruka juu yenyewe, na unaipitisha bila kukwaruza theluji. Ukijaribu kuivuta kwa nguvu za paja itanasa, na kunasa kwenye mteremko wa nyuzi 35 ulioganda ni hatari halisi. Rudia mara mia mbili kwenye kilima kidogo karibu na nyumbani kabla hujaenda kuirudia mahali penye genge.

Na la mwisho kuhusu uwezo: mara ya kwanza chukua mwongozaji mwenye cheti cha kimataifa cha waongoza milima. Gharama hugawanywa na kundi la watu wanne watano. Huku kuna barafuto zenye nyufa, kuna ukungu unaofuta kila kitu, na kuna maamuzi ambayo hujifunzi kwa kusoma, hata kwa kusoma maandishi yangu haya.

Hatua ya pili: begi

Lengo ni kilo 8 hadi 10, pamoja na maji. Kila gramu ya ziada utailipa kwa dakika.

Vya uokoaji havijadiliwi: redio ya kutafutana, ufito wa kuchomea theluji, na koleo la chuma. Redio hii ndogo huvaliwa kifuani chini ya jaketi na hutuma mawimbi ya 457 kHz muda wote. Mwenzako akifukiwa na poromoko la theluji, unageuza yako kwenye kutafuta. Kila mmoja awe na vyote vitatu, na awe amefanya mazoezi navyo mwaka huo huo. Simu na vifaa vingine vya umeme viwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye redio inapotuma, na sentimita 50 unapotafuta, kwa sababu huivuruga.

Vya barafuto: mkanda wa kiunoni wa kupandia, ambao unavaliwa asubuhi na kuvuliwa kibandani, si kukaa begini, kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu), shoka jepesi la barafu, kamba mbili nyembamba kwa kundi, skrubu ya barafu, karabina (pete za chuma za kuunganishia kamba) kadhaa na kamba fupi za kujitoa kwenye ufa. Ongeza meno ya chuma yanayochomekwa chini ya ski, maana asubuhi theluji imeganda kiasi kwamba ngozi peke yake haishiki. Watu huyaacha kwa kukwepa uzito, na ndio hao unaowaona saa moja asubuhi wamekwama katikati ya mteremko.

Nguo ni zile zile za Kibo kwa mpangilio wa tabaka, bila pamba. Glovu pea mbili, moja nyembamba ya kupandia na moja nene. Upepo ukikupokonya glovu moja pale kwenye pengo la mlima, bila akiba unaweza kupoteza vidole.

Hapa niseme jambo na ndugu zangu. Ngozi nyeusi inaungua. Theluji mpya hurudisha juu sehemu kubwa sana ya mionzi ya jua, hadi kama asilimia 80, na juu huko hewa ni nyepesi. Mimi niliungua ndani ya pua na chini ya kidevu, mahali ambapo jua la Moshi halijawahi kunigusa. Paka mafuta ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili, mdomoni pia, na vaa miwani myeusi iliyoziba pembeni. Upofu wa theluji huja jioni, macho yakiwa kama yamemwagiwa mchanga, na asubuhi hutaweza kuendelea.

Kisha kuna ngozi za ski, ambazo zinastahili kutunzwa kama mtoto mchanga. Gundi yake hushika kwenye baridi mradi iwe kavu na safi. Majira ya baridi ya pili niliangusha moja yangu kwenye theluji laini, upande wa gundi ukiwa chini. Nilifuta kwa glovu, nikaibandika hivyo hivyo kwa haraka. Baada ya mita hamsini mkia ukabanduka, theluji ikaingia katikati, na kila nilipoibandika upya ilishika hafifu kuliko mara iliyotangulia, mpaka ikawa inaning'inia kama ulimi. Tuliiokoa kwa kuifunga kwa mikanda ya raba kwenye ski, sehemu tatu, na kundi zima likasimama dakika arobaini kwa ajili yangu kwenye baridi. Tangu siku hiyo nina utaratibu: nabandua ngozi nikiwa nimeupa upepo mgongo, nakunja gundi kwa gundi, naitia ndani ya jaketi juu ya tumbo na si begini, na kabla ya kuibandika tena nakwangua ski kwa kadi ngumu ya plastiki. Mikanda ya raba minne haitoki begini. Kibandani zianike, ila mbali na jiko, kwani joto kali huyeyusha gundi.

Hatua ya tatu: kusoma theluji ukiwa bado umekaa

Taasisi ya utafiti wa theluji ya SLF, iliyoko Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji saa 11 jioni, na wakati wa majira ya baridi huihuisha saa 2 asubuhi. Upande wa Ufaransa kazi hiyo hufanywa na Météo-France, idara ya hali ya hewa. Kiwango cha Ulaya kina ngazi tano: 1 ni ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa sana. Usikubali neno "kiasi" likutulize. Ngazi ya 3 ndiyo inayoua watu wengi, kwa sababu milima inapendeza, anga ni safi, na watu wanatoka.

Usiishie kwenye namba. Soma taarifa inasema hatari iko upande gani wa mlima na kuanzia mwinuko gani: kwa mfano, miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,400. Kisha fungua ramani ya swisstopo, ofisi ya ramani ya Uswisi, na uwashe tabaka la mwinamo. Njano ni nyuzi 30 hadi 34, chungwa 35 hadi 39, nyekundu 40 hadi 44, zambarau zaidi ya hapo. Poromoko la bamba la theluji, lile linalokatika kama kioo chini ya miguu, kwa kawaida huhitaji nyuzi 30 na zaidi. Kanuni rahisi ya kuanzia, iliyotokana na kazi ya Mswisi Werner Munter: ngazi ya 2 baki chini ya nyuzi 40, ngazi ya 3 chini ya 35, ngazi ya 4 chini ya 30. Na kumbuka mwinamo unaokuhusu ni pamoja na ule ulio juu yako, maana unaweza kutembea kwenye tambarare ukafukiwa na kilichotoka mita mia tatu juu.

Ukiwa njiani, sikiliza. Theluji ikitoa mlio mzito wa "vuum" na ukahisi ardhi imeshuka kidogo chini yako, tabaka dhaifu limevunjika. Nyufa zikikimbia kutoka kwenye ncha za ski, ujumbe ni ule ule. Rudi kwa nyayo zako, hata kama kibanda kinaonekana.

Kuhusu kufukiwa, jua takwimu moja tu. Anayetolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, tisa kati ya kumi huishi. Ikifika nusu saa, anabaki hai takriban mmoja kati ya watatu. Helikopta haiwezi kufika ndani ya dakika kumi. Waokoaji ni ninyi mliosimama pale, ndiyo maana mnapita sehemu mbaya mmoja mmoja, huku wengine wakitazama.

Hatua ya nne: piga hesabu ya saa

Chukua kilomita za siku, jumlisha na mamia ya mita za kupanda, gawanya kwa nne. Jibu ni saa za kupanda kwa kundi la kawaida. Mfano: kutoka kibanda cha Dix hadi kilele cha Pigne d'Arolla kuna kama kilomita 6 na mita 860 za kupanda. Sita na nane nukta sita ni 14.6, gawanya kwa nne unapata saa tatu na dakika 40 hivi. Ongeza dakika 40 za kupumzika, kunywa na kufunga kramponi. Ukitoka saa 12 asubuhi, uko juu saa 4 na dakika 20.

Sasa rudi kinyumenyume. Jiulize mteremko wa hatari wa siku hiyo unatazama wapi na jua linaufikia lini, kisha panga saa ya kuamka kutokana na jibu hilo. Andika kwenye karatasi saa ya kugeuka: "tusipokuwa kwenye pengo saa 4, tunarudi." Iandikwe jioni, mkiwa mmeshiba na mna akili timamu, na isomwe kwa sauti ili kila mmoja aisikie. Juu mlimani, mtu aliyechoka na aliyelipa nauli hana uwezo wa kujadiliana vizuri na kilele. Kibo imenionyesha hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza ni ngumu kwa asiyezoea. Unaingilia Grands Montets, juu ya kijiji cha Argentière. Ulizia mapema lifti zipi zinafanya kazi, kwani moto wa Septemba 2018 uliunguza kituo cha kati cha Lognan na kubadilisha namna watu wanavyoingia kwenye barafuto ya Argentière. Njia ya asili hupanda Col du Chardonnet, mita 3,323 (col ni pengo la kuvukia kati ya vilele), na kushuka upande wa Uswisi kwenye mteremko mkali ambapo watu wengi hushushwa kwa kamba. Upande huo unatazama mashariki, jua linaufikia mapema, na foleni ya kamba inaweza kula saa nzima. Ushauri wangu: usiku wa kwanza lala kibanda cha Argentière, mita 2,771, ili uanze kupanda gizani na uwe wa kwanza kwenye kamba. Kisha unapanda Fenêtre de Saleina, mita 3,261, unavuka uwanda mpana wa barafu, unafika kibanda cha Trient, mita 3,170. Wengine hukwepa Chardonnet kwa kupita Col du Passon na Col Supérieur du Tour.

Siku ya pili ni fupi: Col des Écandies, kisha mteremko mrefu mtamu wa Val d'Arpette hadi Champex. Hapo unapanda gari hadi Le Châble, na lifti za Verbier zinakusogeza karibu na kibanda cha Mont Fort, mita 2,457. Wapo wanaoona gari ni kuvunja safari. Wao hupitia Bourg-Saint-Pierre, kibanda cha Valsorey na Plateau du Couloir chini ya Grand Combin. Ni njia nzuri na nzito, na si ya mara ya kwanza.

Siku ya tatu unavuka Col de la Chaux na Col de Momin, unapanda Rosablanche, mita 3,336, na kushuka hadi kibanda cha Prafleuri. Hali ikiwa nzuri, kaa kileleni robo saa. Unaona karibu njia yote iliyobaki.

Siku ya nne inaonekana rahisi kwenye ramani, na hapo ndipo inapodanganya. Baada ya Col des Roux, mita 2,804, unapita kwa muda mrefu kando ya Lac des Dix, ziwa lililozuiwa na bwawa la Grande Dixence lenye kimo cha mita 285. Unatembea ukingo wa magharibi, na miteremko iliyo juu yako inatazama mashariki, kwa hiyo jua linaigusa tangu linapochomoza. Siku ya joto, theluji yenye maji huanza kushuka mapema kuliko mahali pengine popote kwenye njia hii. Toka Prafleuri na taa kichwani, achaneni umbali, msisimame kupiga picha ya ziwa. Mkishapita, mna asubuhi yote ya kupanda taratibu hadi kibanda cha Dix, mita 2,928, mbele ya ukuta wa kaskazini wa Mont Blanc de Cheilon.

Siku ya tano ndiyo kimo cha juu. Sehemu kali iitwayo La Serpentine huwa barafu tupu baadhi ya miaka. Vaeni kramponi kabla hamjazihitaji. Pigne d'Arolla ina takriban mita 3,790, na kutoka juu unaona Mont Blanc ulikotoka na Matterhorn unakokwenda. Kushuka hadi kibanda cha Vignettes, mita 3,160, ni kazi ya chini ya saa moja kukiwa na mwanga. Kukiwa na ukungu ni jambo jingine kabisa. Usiku wa kuamkia Aprili 30, 2018, makundi yaliyotoka Dix yalikamatwa na dhoruba eneo hili na kulala nje. Watu 7 walikufa, wengi wao kwa baridi, karibu sana na kibanda. Walikuwa watu wenye vifaa na nguvu. Kwa hiyo utabiri wa upepo mkali na mawingu siku hii una jibu moja: baki Dix, au shuka hadi kijiji cha Arolla.

Siku ya sita ni ndefu, kama kilomita 30, na ndiyo inayoandikwa 4.30 ubaoni. Mapengo ni matatu. Col de l'Evêque, mita 3,392, unaifikia kwa mwinamo wa upole mapambazuko yakianza. Col du Mont Brulé, mita 3,213, ina ukuta mfupi wa mwisho ambapo ski hufungwa begini na unapanda kwa hatua za miguu. Wa mbele anakata ngazi, wengine wanakanyaga humo humo. Baada ya hapo uko Italia, kwenye barafuto ya Tsa de Tsan, na unabaki na kama mita 500 za kupanda hadi Col de Valpelline, mita 3,568. Hapa miguu inachoka na jua linachoma. Kunywa kabla ya kusikia kiu, kula kitu kila saa, na mwendo uwe ule wa pole pole tuliofundishwa nyumbani. Nalenga kusimama kwenye pengo hilo kabla ya saa 5 asubuhi. Mteremko unaofuata, Stockji, una nyufa kubwa na mabonge ya barafu yanayoning'inia, na madaraja yake ya theluji hulegea kadiri mchana unavyosonga. Fuateni mstari wa aliyetangulia, msipitane, msisimame kwenye mbonyeo wowote unaokatiza njia.

Ukuta wa kaskazini wa Matterhorn unasimama kulia kwako muda wote huo. Msitulie hata hivyo mpaka muwe chini. Machi 2024 watu sita waliotoka Zermatt kuelekea Arolla walikumbwa na dhoruba karibu na Tête Blanche, jirani kabisa na pengo hili, na hakuna aliyerudi.

Pa kutokea

Kila jioni jua mlango wako wa kesho. Kutoka Dix unatoka kwa Pas de Chèvres, penye ngazi za chuma, hadi Arolla. Kutoka Vignettes unashuka moja kwa moja hadi Arolla kwa barafuto ya Pièce. Arolla ina basi la kuelekea Sion, na Sion ina treni ya kwenda kokote. Mwaka niliogeuka, nilishuka kwa njia hiyo ya Vignettes saa mbili asubuhi, upepo ukiwa umeshaanza kupiga filimbi kwenye nyaya za kibanda, na saa saba mchana nilikuwa ndani ya treni na mwili mzima.

Namba za dharura: 112 Ufaransa na Italia, 144 kwenye jimbo la Valais. Mtandao wa simu hukatika mara kwa mara, hivyo kundi liwe na kifaa cha setilaiti. Helikopta ikija, simama na unyanyue mikono yote miwili juu kama herufi Y: maana yake tunahitaji msaada. Bima ya uokoaji mlimani ilipiwe kabla. Bila hiyo ankara inaweza kuwa ya maelfu ya faranga.

Karatasi, hela na chakula

Nchi zote tatu ziko Schengen, lakini beba pasipoti na kibali chako cha ukaazi kwenye mfuko usiopitisha maji, na hakikisha viza inaruhusu kuingia nchi hizo. Vibanda hujaa: weka nafasi miezi kadhaa kabla, na ukighairi piga simu, kwa sababu mtu asiyefika hutafutwa. Chukua faranga taslimu. Chakula cha jioni ni kimoja kwa wote. Kama huli nguruwe, sema wakati wa kuweka nafasi na urudie ukifika. Maji ya bomba mara nyingi hakuna, yananunuliwa au yanayeyushwa kutoka theluji. Viatu vya ndani vipo, shuka lako la kulalia ulibebe mwenyewe.

Mkishuka Zermatt mwishoni mwa Aprili, theluji huwa imeisha chini. Mtavua ski na kutembea kwa viatu vigumu kilomita za mwisho, mkipita watu wenye fulana na aiskrimu. Ukifika nyumbani, kabla hujalala, anika ngozi chumbani, legeza kamba na uikague yote kwa vidole, na toa betri kwenye redio ya kutafutana, maana zikivuja humo kiangazi kizima kifaa kimekwisha.